Maswali ya Wasomaji: Kushuka Mgodi wa Nomu na Kupanda Tena Ukiwa Hai

Barua tulizozichagua kwa safu hii zinahusu NetHack, mchezo wa kompyuta usiolipiwa uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1987, ambamo mchezaji, akiwakilishwa na alama ya @, hushuka tabaka baada ya tabaka chini ya ardhi, na mhusika wake akifa hana nafasi ya kurudia pale alipoishia. Barua zote zinagusa tawi moja linalochepuka kutoka shimo kuu la mchezo, yaani mgodi wa nomu (viumbe wafupi wa hekaya, kwa Kiingereza gnomes), na ndiyo sababu zimejibiwa pamoja.

SWALI: Mheshimiwa mwandishi, shikamoo. Mimi huchagua Valkyrie, yule mwanamke shujaa wa vita, kwa kuwa nimeambiwa ndiye mhusika imara kuliko wengine mwanzoni mwa mchezo. Hata hivyo, kila ninapoingia mgodini nauawa katika tabaka la kwanza au la pili, na muuaji karibu kila mara ni kiumbe anayeonyeshwa kwa herufi h nyekundu. Nomu wenyewe, wale wa herufi G, hawanisumbui. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Huyo h mwekundu ni kibeti (dwarf kwa Kiingereza), na hofu yako kwake ni ya haki. Valkyrie wa kibinadamu huanza na pointi 16 za uhai. Kibeti aliyeshika ile sururu nzito ya mikono miwili hupiga kwa nguvu zake mwenyewe, ambazo ni kati ya pointi 1 na 8, zikijumlishwa na za silaha, ambazo ni kati ya 1 na 12, kwa hiyo pigo lake moja linaweza kufika pointi 20. Maana yake ni kwamba mhusika asiye na jeraha hata moja anaweza kufa kabla hujabonyeza kitufe kingine. Pigo kubwa kiasi hicho hutokea kwa nadra, lakini vibeti ni wengi na silaha zao, hata zilizo nyepesi kuliko hiyo, zinauma.

Nadhani tatizo lako linahusu zaidi mahali unaposimama kuliko silaha unayoshika. Katika matabaka ya juu ya shimo kuu umezoea vyumba vyenye milango na njia nyembamba, ambako kundi la maadui hulazimika kukujia mmoja mmoja. Mgodi hauna vyumba. Ni pango pana lenye kuta zilizopindapinda, na mtu akisimama katikati yake anaweza kuzungukwa na maadui wanane kwa wakati mmoja. Mchezaji aliyetoka kushinda vita viwili vitatu huko juu huingia kwa kujiamini, hukimbilia dhahabu iliyo upande wa pili wa pango, na wakati kibeti anapojitokeza, nomu watano wamekwisha kumziba njia ya kurudi.

Dawa ya kwanza ni ile ngazi uliyoshukia. Ukifika tu, usiondoke juu yake mpaka umeona nani anakuja. Tuseme nomu wanne wanakukaribia kutoka mashariki na kibeti mmoja kutoka kusini. Wangoje. Pale kibeti anapokuwa jirani yako huku nomu wakiwa bado hatua mbili nyuma, bonyeza kitufe cha < na upande juu. Kanuni ya mchezo ni kwamba wanaoweza kukufuata kupitia ngazi ni wale tu waliokuwa wamegusana nawe, kwa hiyo utajikuta juu ukiwa na kibeti peke yake, na mbwa au paka wako, yule mnyama unayeanza naye mchezo, naye atakusaidia kama alikuwa jirani nawe wakati wa kupanda au ulimwacha huko juu. Mkimalizana naye, shuka ukawaone nomu.

Dawa ya pili ni kasi. Mhusika wa kawaida ana kasi ya 12 na kibeti ana kasi ya 6, jambo ambalo kwa wastani hukupa vitendo viwili kwa kila kimoja chake. Huna sababu ya kumwendea. Mwache atembee, na kila anapopiga hatua umrushie majambia. Akifika akiwa bado mzima, rudi nyuma hatua chache na uendelee kurusha. Wapo wachezaji wanaoona haya kurudi nyuma mbele ya kiumbe mfupi, lakini mchezo huu hautoi tuzo ya ushujaa. Tahadhari moja tu: orki wa milimani, viumbe wakali wa hekaya ambao nao hupatikana mgodini na hutembea kwa makundi, wana kasi ya 9, hivyo hila hii kwao hukupa nafasi ndogo zaidi.

Mambo yakiharibika kabisa, yaani uhai ukiwa chini ya pointi 6 au chini ya sehemu ya saba ya kiwango chako cha juu, sali. Sala husikilizwa endapo bahati yako haijaharibika na hujasali karibuni; wachezaji wengi hungoja zamu 300 hivi tangu mwanzo wa mchezo kabla ya sala ya kwanza, kisha takriban zamu 1000 kati ya sala moja na nyingine. Unaweza pia kuandika neno Elbereth mavumbini kwa kidole, kwa kubonyeza E kisha alama ya kistari. Vibeti na nomu huliogopa neno hilo, lakini katika matoleo ya tangu 3.6 maandishi hufutika ukimshambulia mtu kwa silaha ya mkononi ukiwa umesimama juu yake, kwa hiyo litumie kupumzika au kujipanga, si kupigana.

Ukishamuua kibeti wa kwanza, kagua alichoacha kabla ya kusonga mbele. Kofia yake ya chuma na viatu vyake vya chuma hukupunguzia daraja la kinga kwa pointi 2 kila kimoja, na katika mchezo huu daraja likiwa dogo ndivyo unavyolindwa vizuri zaidi. Sururu yake nyepesi nayo ina thamani kuliko dhahabu yote ya tabaka hilo, kwa kuwa kwayo unaweza kuchimba sakafu na kutoweka katikati ya vita, au kuchonga njia nyembamba ukutani ili maadui wakujie kwa foleni.

SWALI: Nitajuaje kwamba ngazi niliyoshuka ni ya mgodini na si ya shimo kuu? Nimewahi kuingia bila kukusudia.

JIBU: Tabaka la 2, la 3 au la 4 la shimo kuu, mojawapo kati ya hayo matatu, lina ngazi mbili za kushuka. Moja huendelea na shimo kuu na nyingine huenda mgodini. Ukifika chini ukakuta kuta zisizonyooka na hakuna chumba hata kimoja cha mraba, uko mgodini. Kama hukuwa tayari, panda juu papo hapo, kwa maana ngazi bado iko chini ya miguu yako.

SWALI: Ndugu mwandishi, mimi hupenda kucheza kama Tabibu, lakini ni dhaifu mno. Nimesikia kwamba kuna mji ndani ya mgodi ambako kuhani huuza kinga. Je, inafaa kumpeleka Tabibu huko, au nitakuwa namtoa kafara?

JIBU: Inafaa sana, na kwa maoni yangu ndiyo njia bora ya kuanza na Tabibu, kwa sharti moja ambalo nitalieleza. Mji huo uko kati ya tabaka la 5 na la 8, na kwa kawaida una maduka, hekalu, madhabahu na kuhani. Ukizungumza na kuhani huyo na kumtolea dhahabu isiyopungua 400 mara kiwango chako cha uzoefu, hukupa pointi moja ya kinga ya kudumu, isiyovuliwa kama koti. Hapo ndipo hesabu inapopendeza. Tabibu huanza mchezo akiwa na dhahabu kati ya 1001 na 2000, kiasi ambacho mhusika mwingine hulazimika kukitafuta kwa muda mrefu. Akifika kwa kuhani akiwa bado katika kiwango cha 1, kila pointi itamgharimu 400, kwa hiyo atapata pointi mbili hadi tano. Akifika katika kiwango cha 2, bei ni 800, na aliyeanza na dhahabu 1500 ataondoka na pointi moja badala ya tatu.

Kwa hiyo unatakiwa kushuka matabaka kadhaa bila kuua viumbe wengi, kwa kuwa pointi 20 tu za uzoefu zinatosha kukupandisha hadi kiwango cha 2. Mwachie mnyama wako kazi ya kuua, na usishuke ngazi yoyote kabla hajawa jirani yako, maana asipokuwa jirani hubaki nyuma.

Sharti lenyewe ni hili: Tabibu wako awe nomu, si binadamu. Mchezo unaruhusu kuchagua hivyo. Wakazi wengi wa mgodi huwa na amani na mhusika ambaye ni nomu au kibeti, na wale vibeti wanaomuua Valkyrie wa msomaji aliyetangulia watakupita bila kukugusa. Zaidi ya hayo, nomu huona gizani viumbe wenye joto. Usidhani hata hivyo kwamba kila mtu ni ndugu yako. Wachache bado ni maadui, orki wa milimani hawajali ukoo wako, na kiumbe asiyejulikana unaweza kumtambua ukiwa mbali kwa kubonyeza kitufe cha nukta-mkato na kumwelekezea kielekezi.

Mchezo ukikuuliza kama kweli unataka kumshambulia mwenye amani, jibu hapana, hata kama ameshika sururu unayoitamani. Kumuua kunaweza kuporomosha bahati yako, na bahati ikiwa chini ya sifuri sala haisikilizwi. Mtu hugundua gharama hiyo baadaye, siku anayopiga magoti akiwa na pointi 3 za uhai.

Ukiwa mjini, tumia pia madhabahu, ambayo haidai malipo. Weka vitu vyako juu yake: kilicholaaniwa hutoa mmweko mweusi, kilichobarikiwa hutoa mmweko wa rangi ya kaharabu, na kisicho na hali yoyote kati ya hizo hakitoi kitu. Kama una sururu, iache nje ya duka, kwa sababu mwenye duka hatakuruhusu kuingia nayo. Usichezee chemchemi mbele ya walinzi wala kuchimba kuta za mji, kwani walinzi wale wenye amani wakikasirika hawana huruma. Mwisho, fahamu kwamba ramani ya mji hubadilika kutoka mchezo mmoja hadi mwingine, na mojawapo ni mji ulioporwa na orki, usio na kuhani wala wenye maduka. Ukikutana nao, dhahabu yako itangoja hekalu lingine, nawe pambana kwanza na orki.

SWALI: Nimefika chini kabisa ya mgodi na sioni ngazi ya kushuka. Nimezunguka gizani mpaka chakula kinakaribia kuisha. Je, kuna mlango wa siri?

JIBU: Hakuna. Mgodi ni tawi linaloishia njiani, na tabaka lake la mwisho, ambalo huwa kati ya la 10 na la 13, halina pa kwenda zaidi. Shimo kuu linaendelea kupitia ile ngazi nyingine uliyoiacha juu, kwa hiyo itakubidi upande matabaka yote uliyoyashuka. Giza nalo si ajabu, kwani kadiri unavyoshuka ndivyo uwezekano wa kukuta tabaka lisilo na mwanga unavyoongezeka, na ndiyo maana mjini huwa kuna duka la taa na mishumaa. Ukipita huko tena, nunua mishumaa 7 na uitunze bila kuiwasha, kwani mbele sana ya mchezo kuna kinara kinachohitaji idadi hiyo hasa.

Kabla hujapanda, hata hivyo, kuna kitu kimoja kinachostahili muda wako ikiwa chakula kinaruhusu: jiwe la bahati, lililofichwa katika tabaka hilo la mwisho. Lina kazi kubwa, kwa sababu bahati kwa kawaida hurudi sifuri polepole, na mwenye jiwe hilo, mradi halijalaaniwa, huhifadhi bahati yake njema. Ziko ramani tatu za tabaka hilo na kila moja hulificha mahali pake; sitataja pembe wala kona, kwani kutafuta ni nusu ya starehe.

Nitataja tu mtego unaowanasa wanaolipata kwa pupa. Jiwe la bahati huonekana kama jiwe la kijivu la kawaida, na lipo jiwe jingine la kijivu, zito kupindukia, ambalo likiwa limelaaniwa, na mara nyingi huwa hivyo, haliwezi kutupwa ukishalichukua. Jiwe la bahati lina uzito wa 10, na lile jingine 500. Kwa hiyo usiokote jiwe lolote la kijivu kabla ya kulipiga teke. Likisogea, si lile zito, na unaweza kulichukua. Likitoa kishindo na kubaki pale pale, liache hapo na upande zako juu.