Chemsha bongo ngumu kwa marafiki mtandaoni: ugumu uuweke wapi?

Mkuu, umesema marafiki zako wametawanyika, mnakutana kwa video tu, maswali ya kuokota mtandaoni wanayajibu hata kabla hujamaliza kuyasoma, na ulipoyakaza nusu yao walikaa kimya mpaka mwisho. Nimekuwa nikiandaa michezo hii kwa rafiki zangu kwa muda mrefu na ninaipenda kwa dhati, kwa hiyo nivumilie, jibu litakuwa refu.

Nadhani kilichowanyamazisha ni aina ya ugumu uliochagua. Kuna swali gumu kwa sababu jibu lake limefukiwa mahali watu hawapiti. Ukiuliza mlima Chimborazo una urefu wa mita ngapi, anayejua anajua, asiyejua hana la kufanya ila kusubiri swali linalofuata. Jibu ni 6,263, na likitajwa hakuna anayefurahi. Sasa geuza: kilele gani duniani kiko mbali zaidi na kitovu cha dunia? Hapo timu nzima inaamka. Mmoja atasema Everest. Mwingine atauliza mbona swali limetaja kitovu cha dunia badala ya usawa wa bahari. Wa tatu atakumbuka kwamba dunia imevimba kidogo kwenye Ikweta, kwa hiyo mlima ulio karibu na Ikweta unaanza na faida. Wataitaja Kilimanjaro, watahamia milima ya Andes, na pengine watafika Ekwado. Hata wakikosa, ukitaja Chimborazo utasikia “aaah!” kutoka kila maikrofoni. Sauti hiyo ndiyo naitafuta ninapoandika swali. Nikiona jibu litapokelewa kwa “haya, sawa”, swali nalifuta.

Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuchukua jambo ambalo watu wamewahi kulisikia na kulifikisha kwao kwa njia yenye kona. Njia ninayoitegemea zaidi ni kurundika dokezo juu ya dokezo. Mfano: mwanariadha huyu alishinda marathoni ya Olimpiki akikimbia peku, katika mji mkuu wa nchi ambayo miaka 25 nyuma ilikuwa imeivamia nchi yake. Ni nani, na ilikuwa Olimpiki ya mwaka gani? Mpenda riadha ataingilia kwenye miguu mitupu. Mpenda historia ataingilia kwenye uvamizi: Italia iliivamia Ethiopia mwaka 1935, ongeza 25, unapata Roma 1960, na Abebe Bikila anasimama mbele yao. Swali moja lina milango miwili, na watu wawili wasiojua vitu sawa wamelijibu pamoja. Ukitaka kulikaza zaidi, ondoa “peku” na weka kwamba aliitwaa tena medali hiyo miaka minne baadaye akiwa amevaa viatu.

Njia nyingine ni kuuliza jambo ambalo akili inalikataa. Ni sayari gani inayochukua muda mrefu zaidi kujizungusha mara moja kuliko kulizunguka jua? Zuhura: inajizungusha mara moja kwa takriban siku 243 za dunia, na inalizunguka jua kwa siku 225. Au: kipi kipana zaidi, Australia kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi, au mwezi kutoka upande hadi upande? Kipenyo cha mwezi ni kilomita 3,474, Australia inakaribia 4,000. Haya ni mazuri, lakini yatumie kidogo, maana mengi yameshazunguka sana mitandaoni na marafiki zako wanaopenda mambo haya watakuwa wameyaona.

Usikusanye maswali ya namna moja yote. Ninapopanga raundi nawapitia wachezaji kichwani mmoja mmoja: huyu ataling'aria swali gani leo? Kama kuna mtu simpatii hata moja, raundi bado haijakamilika. Mtu anaweza kushindwa mchezo mzima na akaondoka na furaha kwa sababu kuna swali ambalo yeye peke yake aliliokoa. Na mtu huyu mara nyingi ndiye yule mkimya.

Sasa suala la kutafuta majibu Google, maana najua linakuumiza kichwa. Kuwawekea marafiki ulinzi wa kamera kunaharibu usiku. Mimi nazuia kwa namna ya kuuliza. Kwanza nasoma swali kwa mdomo, polepole, mara mbili, na silitumi kwa maandishi ambayo mtu anaweza kuyanakili akayabandika kwenye programu ya akili bandia. Pili natoa muda wa kutosha kubishana lakini usiotosha kupekua. Nusu dakika hadi dakika moja baada ya kusoma mara ya pili inafaa. Tatu, na hili ndilo lenye nguvu kuliko yote, natumia maswali ya mnyororo.

Mnyororo unakwenda hivi. Unauliza maswali manne ambayo kila moja lina pointi yake, halafu la tano ni: majibu haya manne yanaunganishwa na nini? Chukua haya. Nchi alikozaliwa Wangari Maathai, mshindi wa Nobel ya Amani mwaka 2004. Nchi ambayo Albert Schweitzer alijenga hospitali yake, huko Lambaréné. Nchi yenye visiwa vya Galápagos. Nchi iliyotwaa Kombe la Dunia la wanaume mara tano. Kenya, Gabon, Ekwado, Brazili. Kiungo ni Ikweta: inapita katika nchi zote nne. Kinachopendeza ni kwamba timu iliyokosa swali la Schweitzer inaweza kurudi kinyumenyume. Wakishashika Ikweta wanaanza kuhesabu nchi za Afrika zilizo kwenye mstari huo na kuotea ipi ina Lambaréné. Anayepekua Google naye hapati msaada mkubwa, kwa sababu itabidi apekue mara nne na bado kiungo akitoe kichwani. Halafu ukitaka kuwamaliza, ongeza la sita: je, Guinea ya Ikweta nayo imo? Haimo. Ikweta inapita baharini, kati ya kisiwa chake cha Annobón na sehemu nyingine za nchi, bila kugusa ardhi yake. Raundi nzima ya kukumbukwa imetoka kwenye mstari mmoja wa kufikirika.

Picha zina hatari yake, kwa kuwa simu siku hizi zinatambua picha kwa sekunde. Kata kipande kidogo, kigeuze kulia kushoto, au uliza uhusiano wa picha tatu badala ya kuuliza hiki ni nini.

Nije kwenye uhakiki, ambao watu wengi wanaupuuza. Chemsha bongo ngumu huvutia watu wenye kujua, na wenye kujua watakupinga. Ni haki yao, kwa hiyo jibu liwe limekaa sawasawa kabla hujaketi mbele ya kamera. Yapo majibu yanayozeeka. Mnara wa Eiffel maandiko mengi yanasema mita 324. Tangu Machi 2022 ulipowekewa antena mpya ni mita 330. Mji mkuu wa Kazakhstan uliitwa Astana, ukawa Nur-Sultan mwaka 2019, ukarudi Astana mwaka 2022. Sayari yenye miezi mingi zaidi? Mwanzoni mwa 2023 Mshtarii iliipita Zohali, na kabla mwaka haujafika katikati Zohali ikawa imerudi mbele. Swali maarufu kuliko yote la aina hii ni lile la herufi isiyopatikana kwenye alama za jedwali la elementi. Orodha nyingi zinajibu J peke yake. Lakini Q nayo haimo: ilikuwepo kwenye jina la muda la elementi namba 114, Uuq, ambayo mwaka 2012 ilipewa jina rasmi la flerovium na alama Fl. Kwa hiyo uliza “herufi mbili”, na mtu aliyekariri J peke yake atalazimika kufikiri.

Yapo pia maswali ambayo hayana jibu moja tangu mwanzo. Mto mrefu kuliko yote duniani: wapo watafiti wanaosimama na Nile na wapo wanaosimama na Amazon. Afrika ina nchi ngapi? Wanachama wa Umoja wa Mataifa ni 54, wa Umoja wa Afrika ni 55. Maswali haya usiyatupe, yafunge kwa maneno: “zilizo wanachama wa Umoja wa Afrika”, “kutoka usawa wa bahari”, “hadi mwisho wa mwaka fulani”. Na pembeni ya kila jibu andika majina mengine utakayoyakubali, kama Eswatini na Swaziland, au Myanmar na Burma, ili usiamue katikati ya kelele.

Kuhusu programu za kuendeshea mchezo sina mengi. Watu wengi hukimbilia Kahoot, na ni nzuri kwa maswali mepesi, ila kwa mpangilio wake wa kawaida anayewahi kubonyeza anapata pointi nyingi zaidi. Kwa maswali ya kufikiri hilo linaadhibu kilekile unachokitaka, na linamwonea mwenye mtandao mzito. Kura za WhatsApp zinaonyesha nani kachagua nini, kwa hiyo wa mwisho anafuata mkumbo. Telegram ina kura za mtindo wa chemsha bongo tangu 2020, zinafaa kwa mchezo wa siku nzima ambao kila mtu anajibu akipata nafasi. Kwa usiku wa pamoja mimi natumia Zoom na fomu za Google: fomu moja kwa kila raundi, mtu mmoja kwa kila timu anajaza, na majibu yanaingia yakiwa na saa, kwa hiyo aliyechelewa anaonekana bila ugomvi. Zoom ya bure inakata baada ya dakika 40; panga raundi mbili, mapumziko, kisha mwingie tena. Kama una raundi ya muziki, kumbuka kushiriki sauti ya kompyuta yenyewe. Ukipiga wimbo kwa spika ukategemea maikrofoni, Zoom itauona kama kelele na kuufifisha.

Timu ziwe za watu watatu au wanne na uzigawe mwenyewe, ukichanganya. Wapeleke kwenye vyumba vidogo vya ndani ya Zoom (breakout rooms) wakajadiliane, maana utamu wote uko kwenye ubishi ule wa “nakwambia ni Gabon”. Timu ya watu sita mtandaoni ina wazungumzaji wawili na wasikilizaji wanne.

Majibu yatoe mwisho wa kila raundi na usiyasome kama orodha. Kwa kila jibu eleza kwa sentensi mbili jinsi ambavyo lingeweza kufikiwa. Nimeona mara nyingi timu iliyo mkiani ikifuata maelezo kwa hamu kuliko inayoongoza. Kwa kipimo, raundi ambayo timu ya wastani inapata zaidi kidogo ya nusu naiona imekaa vizuri. Wakipata robo tatu imelegea; wakipata robo umewapoteza. Njia ya kujua mapema ni kumpa maswali mtu mmoja asiyecheza, umsikilize akifikiri kwa sauti. Akinyamaza kabisa, swali halina mlango. Akijibu papo hapo, halina kona.

Mwisho weka akiba ya kuvunja sare: swali la namba ambalo aliye karibu zaidi ndiye mshindi. Umbali wa wastani kutoka duniani hadi mwezini unafaa sana, kilomita 384,400, kwa sababu kila mtu ana namba fulani kichwani na hakuna aliye na hakika. Kila timu iandike namba yake na kuituma kwako faraghani kwa wakati mmoja, usiwaruhusu kutaja kwa mdomo, la sivyo timu ya pili itasogea kidogo tu pembeni mwa ya kwanza. Ukiandaa raundi yako ya kwanza iweke hapa bila majibu, nitaijaribu na kukwambia ni wapi nimekwama.