Dino 206 au 246? Nawajibu

Wiki iliyopita niliandika kuhusu Dino, lile gari dogo la Ferrari lenye injini ya V6 (silinda sita zilizopangwa kwa umbo la V), nikasema kati ya 206 GT na 246 GT ningebeba 246. Wengine mmenipinga, wengine mmeuliza. Nianze na walioniuliza.

Nikiziangalia naona pacha. Nazijuaje?

Tazama kifuniko cha tangi la mafuta. Kwenye 206 kiko nje, kinang'aa. Kwenye 246 kimefichwa chini ya kimlango kidogo. Chungulia ndani pia: usukani wa 206 ni wa mbao, wa 246 umevikwa ngozi. Watu husema utazame magurudumu, eti 206 hufungwa kwa nati moja kubwa katikati. Ni kweli, ila 246 za mwanzo nazo zilikuwa hivyo, kwa hiyo usije ukaingizwa mjini.

Mbona hazina jina la Ferrari?

Dino ni jina la utani la Alfredo, mwana wa Enzo Ferrari, mwanzilishi wa kampuni. Alfredo alifariki mwaka 1956 akiwa na miaka 24. Enzo aliziita injini za V6 kwa jina hilo, na gari lililozibeba nalo likaitwa Dino tu. Kisha ikaja kanuni ya mbio za magari za Formula 2 ya mwaka 1967: injini itoke kwenye gari lililotengenezwa angalau 500. Ferrari peke yake isingefika huko, ikaomba mkono kwa Fiat, nayo ikaweka injini hiyo hiyo kwenye gari lake, Fiat Dino.

Bodi ya alumini ya 206 si bora kuliko ya chuma ya 246?

Kwa wepesi, hapana ubishi. 206 ilitajwa kuwa na kilo 900 bila mafuta na maji, 246 kilo 1,080. Lakini alumini hubonyea upesi, na si kila fundi bati anaiweza. Shida ya 246 ni kutu, na kutu hufichwa kwa puti na rangi nzuri. Nenda na sumaku ndogo, iviringishe kitambaa isikwaruze, upite nayo chini ya milango na kuzunguka matao ya magurudumu. Inapogoma kushika, hapo chini pana puti. Kwenye 206 usihangaike, sumaku haishiki alumini.

Sasa 206 ni adimu, chache tu zaidi ya 150. Kwa nini uiache?

Kwa sababu mimi nataka kuendesha. Injini yake ya lita 2 hutoa nguvu farasi 180, lakini mpaka uipigishe kelele, mizunguko 8,000 kwa dakika. Ile ya 246 ni lita 2.4, farasi 195, na inavuta mapema. Huhitaji kubadili gia kila kona. Halafu 206 zote usukani ni kushoto. 246 zilitoka pia za kulia, na mimi nimezoea kulia.

Iwe ya njano.