Uliza Tukujibu: Baridi limeingia, jiko la mkaa libaki nje

Tangu Juni ianze maswali ya baridi yamekuwa mengi kuliko ya mapenzi, na hilo kwenye safu hii si jambo dogo. Mengi yanatoka Nyanda za Juu Kusini, moja limevuka mpaka kutoka Limuru, Kenya. Nimejibu haya matano, mengine yanafanana.

Kamwene dada. Nimehamia Njombe kikazi toka Dar mwezi wa nne, nimepanga chumba kimoja, chini sementi juu bati tupu hamna silingi bodi. Nalala na jinzi na soksi mbili bado natetemeka. Majirani wanaingiza jiko la mkaa ndani, wanasema mkaa ukishashika ukawa mwekundu hauna shida, na ukiweka beseni la maji pembeni sumu inaisha. Ni kweli?
*Mpangaji, Njombe mjini*

Kamwene mdogo wangu, na pole. Njombe iko kama mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, kwaiyo kwa mtu wa Dar kipupwe cha huko ni mtihani kweli. Ila kuhusu jiko jibu ni hapana, na hao majirani uwaambie. Moshi ndo unaoonekana lakini kinachoua ni kaboni monoksaidi, haina rangi haina harufu, na mkaa mwekundu unaitoa vilevile, tena inazidi pale chumba kikifungwa hewa ikapungua. Ikishaingia kwenye damu inang'ang'ania hemoglobini (ile inayobeba oksijeni kwenye damu) mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni yenyewe, yaani mtu anapumua kama kawaida huku mwili haupati kitu. Beseni halisaidii chochote, hiyo gesi hainyonywi na maji.

Na dalili zake ndo zinawadanganya watu: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inalegea, afu usingizi mzito, mtu anasema hii malaria au uchovu wa shamba, anajilaza, ndo haamki tena. Mkiona nyumba nzima mnaumwa kichwa kwa pamoja na mkitoka nje mnapata nafuu, msianze kujadiliana, tokeni wote, jiko litolewe, muende hospitali. Pika barazani, ikishindikana pika mlango na dirisha vikiwa wazi, ukimaliza jiko lilale nje hata kama unaona limebaki majivu ya moto tu.

Sasa tuje kwenye usingizi wako. Chumba cha bati tupu huwezi kukipasha kwa hela ya kawaida, joto linapanda juu na bati likishapoa usiku linalimeza lote, ndo maana alfajiri unaliona limetoa jasho linakudondoshea matone usoni. Mi ningeachana na chumba nishughulike na kitanda. Watu wengi wanarundika mablanketi matatu juu huku chini wamelalia godoro jembamba lililokaa kwenye sementi, na baridi inawaingilia mgongoni usiku kucha. Toa blanketi moja la juu ulitandike chini ya shuka, tofauti utaiona usiku huohuo. Godoro lisiguse sakafu. Kama huna kitanda, kwenye karakana za useremala huko kwenu maranda yamejaa, wengi wanakupa bure au kwa hela ya soda, chukua yaliyokauka vizuri (mabichi yanaota ukungu), jaza kwenye viroba, shona midomo, panga chini ya godoro. Yakibaki shonea kimto kirefu chembamba cha kuziba uwazi wa chini ya mlango, maana upepo unaopita pale usiku si wa kuchezea.

Jinzi vua. Inabana na haitunzi joto, na nguo uliyoshinda nayo ina unyevu wa jasho hata kama huuoni. Nenda mnadani kwenye mtumba utafute traki suti ya kulalia, sweta la sufu na kofia, kofia usiidharau. Blanketi lianikwe juani likipatikana jua, litoke saa tano, lianuliwe saa tisa kabla unyevu haujaanza kushuka, blanketi lenye unyevu hata liwe zito vipi halipashi. Halafu nunua chupa ya mpira ya maji ya moto, jaza theluthi mbili kwa maji ya moto lakini yasiwe yanachemka, kamua hewa itoke, funga, ivishe soksi, itangulie kitandani nusu saa kabla yako. Chupa za soda ziache, maji ya moto yanazikunja.

Mwenye nyumba akiwa muelewa muombe mfunge turubai au viroba vilivyoshonwa pamoja chini ya kenchi, paachwe nafasi kati yake na bati, ile hewa iliyokaa katikati ndo inazuia baridi. Ukishafanya hivo, usiwashe tena mshumaa wala kibatari humo ndani.

Dada habari za kazi. Nina watoto watatu, mama yao anataka tununue hita ya umeme, mi naogopa LUKU (umeme wa kulipia kabla). Nikae upande gani?
*Baba watatu, Mafinga*

Salama kaka. Piga hesabu mwenyewe: hita ya wati 2,000 inakula yuniti 2 kila saa, ukiiwasha kwa masaa manne kila jioni ni yuniti 8, mwezi unaisha na yuniti 240 kabla hujahesabu taa na pasi. Kama upo kwenye lile kundi la chini la bei nafuu, la yuniti 75 kwa mwezi, siku ya kumi haijaisha umeshalimaliza. Kwaiyo kwa hili niko na wewe, ingawa shemeji atanichukia. Blanketi la umeme la wati 100 ni habari nyingine kabisa, usiku mzima wa masaa manane halimalizi hata yuniti moja, ila lisikunjwe likiwa linawaka, lisitumike kwa mtoto mdogo wala anayekojoa kitandani, na la mtumba lenye waya uliochubuka liache hukohuko. Watoto watatu walaze chumba kimoja kile kidogo zaidi, wakigombania nafasi walale mzungu wa nne, miili mitatu chini ya blanketi moja kubwa inapasha bila LUKU.

Eti komoni inapasha mwili?
*Kijana, Mufindi*

Inakudanganya. Pombe inatanua mishipa ya damu ya kwenye ngozi, unasikia joto kwa vile damu imesogea nje, na huko nje ndo joto lako linapotelea. Mlevi aliyelala njiani usiku wa Julai anapoa haraka kuliko asiyekunywa. Kunywa uji wa moto au chai ya tangawizi, kula ushibe kabla ya kulala.

Shikamoo dada. Nimejifungua wiki tatu zilizopita, mikono ya mtoto ni ya baridi muda wote, mama mkwe ananiambia nimfunike blanketi mbili nzito mpaka kichwani. Naogopa atakosa hewa.
*Mama mzazi, Makete*

Marahaba mwanangu, hongera. Uoga wako una maana, usoni asifunikwe kabisa. Mikono ya mtoto mchanga kuwa ya baridi ni kawaida, mshike kifuani au nyuma ya shingo, pakiwa na joto yuko sawa, pakiwa na jasho umemzidishia, punguza nguo moja. Dawa ya bei rahisi kuliko zote ni kifua chako: mvue abaki na nepi, kofia na soksi, mweke ngozi kwa ngozi ndani ya kanga, sweta lako na blanketi vije juu yenu wewe ukiwa macho. Mama mkwe mpe hiyo zamu naye, akionja hatoshika tena blanketi. Chupa ya maji ya moto ipashe kitanda chake halafu itolewe kabla hujamlaza. Ila kifua chenyewe kikiwa cha baridi, au amelegea hanyonyi, usingoje asubuhi, mpeleke kituo cha afya akiwa kifuani kwako hivohivo.

Hujambo dada. Nyumba yetu ya mabati huku Limuru Julai ni friji. Watu wanabandika katoni ndani ukutani, inasaidia ama ni urembo?
*Msomaji, Limuru*

Sijambo, na inasaidia. Bati lenyewe halizuii baridi, katoni inazuia sababu ya ile hewa iliyo kwenye mikunjo yake, kwaiyo usiigandamize kwenye bati, pigilia kwenye miti ya ukuta ibaki nafasi. Anza na ukuta wa upande wa kitanda na ule unaopigwa na upepo, tabaka mbili zikipishana viungo. Ukuta wa karibu na meko au stovu acha bati tupu, katoni inashika moto haraka mno, na kama waya wa stima unapita ukutani usiufunike. Matundu ya hewa ya juu usiyazibe. Baada ya mvua ndefu banua kona moja uangalie, ikiwa imelowa toa hiyo uweke nyingine, na ukiwa hapo chungulia kunguni, nyuma ya katoni wanapapenda sana.