Barua kwa mwanangu anayejenga dunia chini ya bahari

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na ramani uliyoiambatanisha nimeitazama kwa furaha. Unasema umewaandalia wenzako mchezo wa kuigiza wa mezani ambao dunia yake yote iko chini ya bahari, lakini mkishaketi na kuanza kurusha dadu, haupiti muda kabla wote hawajasahau kwamba wamo majini. Wahusika wao wanatembea barabarani, wanapanda ngazi, wanabisha hodi milangoni. Ukaniuliza uongeze nini: majitu ya kutisha zaidi, au matumbawe na samaki wa kila rangi?

Usiongeze kitu kwanza. Umejenga mji wa nchi kavu, kisha ukaumwagia maji, na maji hayo hayamzuii mtu lolote wala hayampi lolote. Kwa nini wasiyasahau? Yaache maji yaamue nani anaishi wapi, anakula nini na anamwogopa nani, nao hawatayasahau tena.

Anza na ramani. Hiyo yako inatazamwa kutoka juu, kama za nchi kavu. Ichore upya kwa ubavu, uso wa maji ukiwa juu ya karatasi na sakafu ya bahari chini, na vijiji vyako vikielea au kung'ang'ania miamba kwenye vina mbalimbali. Ukimaliza utaona jirani wa mtu anaweza kuwa juu ya kichwa chake. Mlango unafaa kuwekwa hata kwenye paa, ngazi haina kazi, na ukuta wa mji ni bure kabisa mbele ya adui anayeweza kuupita kwa juu. Mji wa namna hiyo unalindwa vipi? Kwa nyavu? Kwa kujificha ndani ya mapango yenye mdomo mmoja? Jibu utakalolichagua litakuambia watu wako ni wa aina gani.

Kisha tia mwanga. Katika bahari halisi, mwanga unaotosha mimea kujitengenezea chakula huishia kwenye mita 200 hivi. Kutoka hapo hadi mita 1,000 ni utusitusi, na chini zaidi jua halifiki kabisa. Rangi nyekundu ndiyo inayomezwa mapema, karibu tu na uso wa maji, na buluu ndiyo inayofika mbali. Ndiyo maana viumbe wengi wa vilindini ni wekundu: pasipo na mwanga mwekundu, mwekundu haonekani. Kwa hiyo mpelelezi wako mvalishe joho jekundu, umwache mchezaji agundue mwenyewe sababu.

Sasa nikupe jambo ninalokusihi ulitumie hata ukiyaacha mengine yote. Kila jioni jua linapozama, viumbe wasiohesabika, vijidudu wanaoelea majini, uduvi, ngisi na samaki wadogo, hupanda kutoka kwenye utusitusi kuja kula karibu na uso wa maji. Kabla ya mapambazuko hushuka tena. Hakuna safari ya wanyama kubwa kuliko hiyo duniani, na hufanyika kila siku. Weka watu mahali pa uduvi. Watu wa juu wanalima mwani, na mchana maji yote ni yao. Magharibi ikiingia, watu wa chini wanapanda, nao wanadai kwamba usiku mashamba hayo ni ya mababu zao. Makabila hayo mawili yameishi pamoja vizazi na vizazi bila kutazamana usoni, kwa sababu macho ya wa chini hayalistahimili jua, na wa juu hawaoni gizani. Wana mikataba, wana vinyongo, wana watoto waliozaliwa kwa siri kati yao. Halafu jioni moja watu wa chini hawapandi. Hapo una kampeni, yaani kisa kirefu cha kuchezwa kikao baada ya kikao, ya mwaka mzima, na hujataja joka hata mmoja.

Uliuliza pia kuhusu panga za wahusika wako. Chini ya maji, moto hauwaki, na pasipo moto hakuna mhunzi. Lakini joto lipo. Mwaka 1977 wanasayansi waliozamia karibu na visiwa vya Galápagos, kwenye kina cha mita 2,500 hivi, walikuta chemchemi za maji moto zimezungukwa na viumbe tele ambao chakula chao hakitokani na jua, bali na bakteria wanaotumia kemikali za chemchemi hizo. Miaka miwili baadaye, kwingine katika Pasifiki, zikapatikana zinazotema maji ya nyuzi zaidi ya 350 za Selsiasi, yasiyochemka kwa sababu ya kanieneo kubwa, yaani mgandamizo wa maji, ya huko chini. Nyuzi 350 zinatosha kuyeyusha bati, ambalo huyeyuka kwenye 232, na risasi, ile metali laini na nzito, kwenye 327. Shaba inataka zaidi ya 1,000, na chuma zaidi ya 1,500. Kwa hiyo watu wa chemchemi zako wana vyombo vya bati na mizani ya risasi, ila chuma wanakipata kwenye meli zilizozama peke yake, nacho kinaliwa na kutu mbele ya macho yao. Upanga wa chuma kwao ni urithi wa kifalme unaokufa polepole. Silaha za kawaida ziwe za mfupa, jiwe na meno ya papa, tena za kuchoma kwa ncha, maana kuzungusha rungu majini ni kujichosha.

Sauti usiisahau. Majini inakwenda takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, na sikio la mwanadamu linashindwa kujua imetokea upande gani. Kwa hiyo unapowasimulia wachezaji, tanguliza wanachosikia, kisha wanachoona. Waache wabishane sauti imetoka wapi.

Kuhusu kupumua na uzito wa maji, nina msimamo mkali kidogo. Ukiwapa wahusika wa nchi kavu dawa ya kupumua majini isiyoisha, umeiua bahari yako. Heri wawe watu wa majini tangu kuzaliwa. Na kanieneo, ambayo kila mita 10 huongezeka kwa kiasi sawa na mgandamizo wa hewa yote iliyo juu yetu, usiihesabu kila zamu, utawachosha. Ifanye iwe mpaka: kila kabila lina kina chake, na anayetoka nje ya kina hicho analipa kwa afya yake. Sheria moja hiyo inatosha.

Kikao cha kwanza kianze na mzoga wa nyangumi unaozama kutoka juu. Huko chini chakula kingi ni mabaki yanayodondoka kidogokidogo kama vumbi, hivyo mzoga mmoja mkubwa unaweza kulisha viumbe kwa miaka mingi. Wahusika wako wauone ukishuka, wajue kwamba vijiji vitatu vimeuona pia, na wachague wa kumpa habari kwanza.

Limebaki lile la mfalme wa bahari yote uliyemchora katikati ya ramani. Mwondoe. Aliyezoea mwanga wa mita 50 hawezi kuwatawala walio mita 3,000 chini yake. Hawezi kwenda kwao, na wao wakipanda kumsujudia wanaumia. Ukitaka mtu mwenye nguvu, mtafute kwenye utusitusi, kati ya wale wanaoweza kupanda kidogo na kushuka kidogo, wanaojua lugha za pande zote mbili na kutoza ushuru kwa kila kinachopita. Huyo wachezaji wako watamhitaji kila wiki, na hawatamwamini hata siku moja.

Ramani ya ubavu ikiwa tayari, nitumie.

Mama yako