ZFS ya sasa si ya Oracle

Wengi huuliza kama ZFS, mfumo wa kupanga na kuhifadhi data kwenye diski, bado uko mikononi mwa kampuni ya Oracle. Hapana, ZFS unayoweka leo kwenye mifumo endeshi ya Linux au FreeBSD haitengenezwi wala kuongozwa na Oracle. Sun, kampuni iliyoibuni ZFS, waliutoa msimbo wake kuwa huria mwaka 2005. Oracle walipoinunua Sun 2010 wakaufunga, ila CDDL, leseni huria ambayo Sun waliutolea msimbo huo, hainyang'anyi kilichokwisha kutolewa, kwa hiyo jamii ikaendelea na nakala ile na 2013 ikaanzisha mradi wa OpenZFS. Matt Ahrens, mmoja wa waliobuni ZFS palepale Sun, ndiye aliyeongoza.

Na si watu wa kujitolea tu, kama wengi wanavyodhani. Kuihamishia Linux kulifanywa na maabara ya Lawrence Livermore huko Marekani kwa ajili ya kompyuta zao kubwa, na kampuni zinazouza seva za kuhifadhia data huwalipa watu wao waiandike.

Ila angalia kitu kimoja kabla hujahamisha diski za ZFS kutoka Solaris, mfumo endeshi wa Sun ambao sasa ni wa Oracle: andika `zpool get version`. Namba ya toleo ikisoma zaidi ya 28, OpenZFS haitazifungua diski hizo, maana matoleo ya juu ya 28 yalitoka baada ya Oracle kufunga mlango. Hapo itabidi unakili data upya.