"The team is" au "the team are"?

Umeuliza kama "the team are playing" ni kosa. Si kosa, ila inategemea Kiingereza cha wapi. Marekani, nomino za jamii kama "team", "family" na "committee" kwa kawaida huchukua kitenzi cha umoja: "the team is playing". Uingereza hukubali umoja na wingi, na hapo ndipo penye utamu, maana mwandishi huchagua anachotaka msomaji akione. "The family is large" inaitazama familia kama kitu kimoja. "The family are arguing" inatuonyesha watu wenyewe, kila mmoja na lake. Ndiyo maana Waingereza wakizungumzia timu yao ya taifa husema "England are winning", lakini nchi yenyewe hubaki "England is".

"Police" isikusumbue, hiyo ni wingi kokote: "the police are here".

Kinachoharibu kweli maandishi ni kuchanganya. Katika mtihani au barua rasmi, ukianza na "the committee has", endelea na "its". Ukianza na "have", tumia "their".