Jibu: Jasho la baiskeli na ofisi isiyo na bafu

Salaam ndugu. Umesema unatoka Bweyogerere, nje kidogo ya Kampala, kwa baiskeli hadi kilima cha Nakasero katikati ya jiji, kazini hakuna bafu, na ikifika saa nne shati linanuka. Mimi pia hupanda Nakasero kila asubuhi.

Kwanza angalia begi. Likiwa mgongoni, mgongo wote unalowa. Lifunge kwenye keria kwa mpira wa tyubu. Kisha fulana: jasho jipya halinuki sana, harufu hutoka kwa bakteria, na fulana ya jana imejaa hao. Oga kabla ya kutoka, vaa iliyofuliwa.

Kosa langu la miezi mingi lilikuwa kubadilisha nguo mara tu nilipofika. Mwili bado unachemka, shati safi linalowa papo hapo! Siku hizi kilima cha mwisho nakokota baiskeli, kisha nakaa kivulini dakika 15 hadi jasho likatike. Ndipo naingia chooni na taulo dogo lililoloweshwa na kukamuliwa: uso, shingo, kwapa, kinena. Najikausha kabisa, hasa kwapani, ndipo napaka dawa ya kwapa. Shati la kazi huliacha ofisini.

Nguo za jasho zianike, tafadhali usizifungie kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) hadi jioni.